Kabla ya Kununua Gari la Fo-wili, Tandika Mkeka Chini Yake

Ndugu msomaji, yaelekea nawe ni mmoja wa wale ambao jioni ya mwisho wa mwezi huketi mezani na mwenzi wao, kalamu mkononi, wakihesabu fedha. Karo ya watoto imekwisha kulipwa, kodi ya nyumba nayo imelipwa, na akiba iliyo katika chama cha kuweka na kukopa imefikia kiasi cha kumtia mtu tamaa. Mnataka gari. Wala si gari la kwendea sokoni tu, bali gari litakalowafikisha kwa wazee kijijini wakati wowote wa mwaka, na siku za likizo liwapeleke watoto kuitazama nchi yao: Serengeti kwa lango la Ndabaka, kisiwa cha Rubondo, au hifadhi ya Burigi-Chato.

Kwa mkazi wa Shinyanga, Kahama au Geita, gari la namna hiyo ni lile ambalo mafundi wetu huliita fo-wili, yaani gari ambalo nguvu ya injini hufika katika magurudumu yote manne. Jipya hatuliwezi. Lililotumika twaliweza, lakini kwa tahadhari kubwa. Tajiri akikosea hununua jingine, ila mfanyakazi akikosea huwa ameizika akiba ya miaka mitano, na mkopo hubaki ukikatwa katika mshahara wake hata baada ya gari kusimama uani likigeuka makazi ya kuku. Kwa ajili ya mfanyakazi huyo ndiyo tumeandika makala haya.

KISA CHA BONDE LA MANONGA

Mwezi Februari 1998, wakati wa mvua za El Nino, ilitufikia habari mjini Shinyanga kwamba baba mkubwa amefariki kijijini, upande wa bonde la Mto Manonga. Shemeji yangu alikuwa na gari la fo-wili alilokuwa amelinunua miezi mitatu tu kabla ya hapo. Rangi yake iling'aa, viti vilikuwa safi, na kando ya kijiti cha gia palikuwa na kijiti cha pili, kifupi, ambacho muuzaji alikipapasa kwa fahari akisema kwamba hicho ndicho kitakachomtoa popote. Tuliondoka alfajiri, watu saba, tukiwa na hakika ya kuwahi mazishi.

Katika mbuga ya kwanza gari lilizama hadi kwenye ekseli. Shemeji akakivuta kile kijiti. Magurudumu ya nyuma yakazunguka na kurusha tope, lakini ya mbele yalitulia kama mawe. Tulichimba, tukakata matawi, tukasukuma mpaka alasiri, ndipo akatokea mzee mmoja na jozi mbili za maksai. Tulipokwisha kuamkiana naye kwa "Mwadila" na kumweleza msiba wetu, mjukuu wake, kijana aliyewahi kufanya kazi gereji, alijilaza chini ya gari ili afunge mnyororo. Akakaa huko kitambo. Alipotoka alitutazama kwa huruma, akasema, "Wakubwa zangu, gari hili lina kijiti tu. Propela ya mbele haipo, imefunguliwa."

Tulifika kesho yake mchana. Baba mkubwa alikuwa amekwisha kuzikwa. Mama mkubwa hakutulaumu hata kidogo, alituletea maji ya kunawa, akasema, "Karibuni wanangu, poleni na njia." Laiti angetukemea, ingekuwa nafuu kwetu.

Muuzaji yule alitudanganya, hilo ni kweli. Lakini sisi nasi, watu wazima kwa idadi yetu, tulilisifu gari lile kwa miezi mitatu, na hapana hata mmoja wetu aliyeinama akatazama chini yake.

JUA KWANZA UDONGO UTAKAOUPITA

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Gari gani ni zuri?" Swali la kwanza liwe, "Nitapita wapi, na miezi gani?" Wakulima wa Usukuma tangu zamani wanao msamiati mpana wa udongo, na msamiati huo wamfaa dereva kama unavyomfaa mkulima. Juu, kando ya vilima vya mawe, kuna luseni, udongo wa kichanga. Chini yake aghalabu hupatikana ibambasi, udongo mgumu usiopitisha maji upesi. Mwisho bondeni kuna mbuga, ule udongo mweusi mzito. Mtaalamu Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, aliutazama mfuatano wa namna hii katika Afrika Mashariki, na mwaka 1935 akaupa jina la katena, maana yake mnyororo. Jina hilo sasa hutumiwa na wataalamu wa udongo duniani kote.

Kila pete ya mnyororo huo humtaka dereva kwa namna yake. Katika luseni gari huhitaji tairi zilizopunguzwa upepo kidogo na mwendo usiokatizwa. Juu ya ibambasi iliyolowa, gari huteleza kana kwamba njia imepakwa sabuni, na hapo breki za ghafla ndizo adui. Mbuga wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na kuwa ngumu kama saruji, hata gari dogo hupita. Mvua ikinyesha, udongo huo huvimba, hunata katika tairi na kujaza meno yake yote, mpaka tairi huwa laini kama mpira wa kuchezea. Hapo ndipo uzito wa gari huwa hasara.

Upande wa Geita na Msalala hali ni nyingine. Kuna vilima, udongo mwekundu, na barabara za changarawe ambazo malori huzichimba mawimbi madogo kama bati. Mawimbi hayo hulegeza nati, huua shokomzoba na hupasua mabomba ya maji. Tena kuna hatari moja isiyopatikana kwingine: katika maeneo ya wachimbaji wadogo, kama vile Rwamgasa na Nyarugusu, mashimo ya zamani ambayo wenyewe huyaita maduara huweza kufunikwa na nyasi. Hata gari lako liwe na nguvu kiasi gani, usiache njia inayoonekana ili kukwepa dimbwi. Gari lililokwama hutolewa. Lililotumbukia katika duara ni habari nyingine.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba siku hizi sehemu kubwa ya safari ni lami. Kutoka Shinyanga hadi Mwanza, kilometa 165 hivi, hakuna haja ya fo-wili. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la John Pombe Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, msafiri wa Mwanza kwenda Geita hangoji tena kivuko mahali hapo. Pima basi: katika safari zako mia moja, ni ngapi zitakazoacha lami? Na kati ya hizo, ni ngapi zitakazokuwa za masika? Wako madereva wa michomoko, zile teksi ndogo zisizo na fo-wili, wanaofika vijiji ambavyo wenye magari makubwa hukwama, kwa sababu wao huijua njia na huijua siku ya kutokwenda.

MAGARI YENYEWE

Tuyatazame sasa makundi yanayopatikana mikononi mwa watu, tukianza na lile kongwe.

Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na kwa miaka mingi jina lake lilikuwa ndilo jina la kila gari la porini; hata leo wazee husema landrova. Bodi yake ni ya alumini, haili kutu upesi, lakini chesesi yake ni ya chuma na huoza kimyakimya. Zile za zamani, zilizokoma kutengenezwa mwaka 1985, zina springi za majani na hutikisa mifupa. Zile zilizokuja tangu mwaka 1983, ambazo baadaye ziliitwa Defender, zina springi za mviringo, nazo zilikoma Januari 2016. Ukiipenda, itafute yenye dizeli ya kabla ya mwaka 1998, kabla ya injini kuanza kutawaliwa na kompyuta, ili fundi wa mji mdogo aweze kuitengeneza. Uwe tayari kwa matone ya oili na kwa vumbi linaloingia kila upenyo.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza mwaka 1984, ndiyo ambayo wananchi huiita Mkonga, kwa ajili ya lile bomba la kuvutia hewa linalopanda kando ya kioo. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2, iitwayo 1HZ, haina turbo wala kompyuta ya kuisumbua, na sifa yake ya uvumilivu ni ya haki. Kasoro yake kwa mfanyakazi ni bei, kwani hata iliyochoka huuzwa kama johari. Ukiiona ya bei rahisi sana, usifurahi. Uliza sababu.

Hilux ya dizeli isiyo na turbo, yenye injini ya 3L ya lita 2.8 au 5L ya lita 3.0, ni mnyama wa kazi. Haina mbio, mlimani hupanda kwa kuguna, lakini vipuri vyake hupatikana mpaka madukani Katoro. Yenye milango minne huitosha familia, na nyuma yake hubeba mpunga wa bibi.

Prado za miaka ya 1990 zinavutia kwa raha yake. Angalia injini: nyingi zina dizeli ya lita 3.0 iitwayo 1KZ-TE, ambayo ikichemka mara moja tu silinda hedi yake huweza kupasuka. Si gari baya, bali ni gari lisilosamehe dereva asiyetazama mshale wa joto.

Suzuki Escudo, hasa za vizazi viwili vya kwanza, tangu mwaka 1988 hadi 2005, ndizo ninazomwomba mfanyakazi mwenye familia ya watu watano azitazame kwa makini kabla ya kuzidharau. Zina chesesi ya kweli, zina gia nzito ya kutokea topeni, ni nyepesi, na bei yake iko karibu na uwezo wetu. Katika mbuga, wepesi ni mali. Jimny ni ndogo zaidi na hupenya zaidi, lakini haifai kwa familia yenye mizigo.

Mwisho kuna magari kama RAV4, X-Trail na Harrier. Mengi yao yana fo-wili ya kujiwasha yenyewe, lakini hayana gia nzito na matumbo yake yako chini. Kwa barabara za changarawe na kwa kiangazi yanatosha kabisa. Kwa mbuga ya Februari hayatoshi. Anayekuuzia asikwambie kuwa ni sawa na Mkonga kwa sababu tu nyuma pameandikwa hivyo.

MAGARI YALIYOTOKA MIGODINI

Sehemu zetu zina jambo moja linalotutofautisha na mikoa mingine. Dhahabu imechimbwa Geita tangu enzi za ukoloni. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Bulyanhulu ilifuata mwaka 2001, na Buzwagi ilifanya kazi tangu 2009 mpaka 2021. Huko Mwadui almasi zinachimbwa tangu miaka ya 1940. Migodi hutumia magari mengi ya fo-wili, na kazi hiyo imetujengea mafundi hodari katika miji ya Kahama na Geita. Magari hayo yakichoka, baadhi huuzwa, na mwishowe hufika kwa watu kama mimi na wewe.

Je, tuyakimbie? La. Lakini tuyaelewe. Gari la mgodini huweza kuwa na kilometa chache sana katika saa yake na bado likawa limechoka, kwa kuwa hukaa likinguruma muda mrefu bila kwenda, na huenda kilometa zake zote kwa gia ya kwanza na ya pili juu ya mawe. Lililofanya kazi chini ya ardhi huweza kuwa limelowa maji yanayokula chuma. Kwa hiyo kwa gari la namna hiyo usiiamini saa ya kilometa. Uamini mpira wa kanyagio la klachi, ukingo wa kiti cha dereva, na sauti ya nyundo ndogo juu ya chesesi.

TANDIKA MKEKA

Nenda kulitazama gari asubuhi, kabla halijawashwa. Mwambie mwenyewe mapema asiliwashe. Nenda na fundi wako, usiende na fundi wa muuzaji. Chukua tochi, nyundo ndogo, kitambaa cheupe, na mkeka.

Kwanza, gusa injini. Ikiwa ina moto, mtu ameshaiwasha ili kuficha ugumu wa kuwaka. Ahirisha, urudi siku nyingine.

Pili, fungua kifuniko cha oili na cha rejeta. Oili iliyogeuka kama maziwa ya mgando ni dalili ya maji kuingia mahali pasipostahili. Maji ya rejeta yenye utando wa mafuta yanasema habari ileile.

Tatu, liwashe, usimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, kwa maana pete au vishikizi vya valvu vimechoka. Moshi mweusi wa dizeli mara nyingi ni nozeli au kichujio cha hewa, ambavyo hutengenezeka. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikisha kupata moto ni habari mbaya.

Nne, tandika mkeka, ulale chini. Hapa ndipo sisi tuliposhindwa. Tafuta propela mbili: moja inayokwenda nyuma na moja inayokwenda mbele. Wako watu wanaoifungua ya mbele kwa kudhani wanaokoa mafuta, na wako wanaoifungua kwa sababu difu ya mbele imekufa na hawataki ijulikane. Gonga chesesi kwa nyundo toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kama ubao. Tazama mahali palipochomelewa na kupakwa rangi nyeusi mpya. Rangi mpya chini ya gari kuukuu haikupakwa kwa urembo.

Tano, inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, kuna beringi au viungo vya kubadili. Angalia pia kwamba tairi zote nne ni za kipimo kimoja, kwani tairi zisizolingana huua gia boksi ya fo-wili taratibu.

Sita, peleka gari mahali penye mchanga au udongo uliolegea. Tia fo-wili, tia gia nzito, uende polepole ukikata kona mpaka mwisho. Mlio wa kugongagonga mbele ni viungo vya ekseli vilivyochoka. Kisha hakikisha kuwa fo-wili inatoka kama ilivyoingia. Usifanye jaribio hili juu ya lami kavu, maana huko gari lenye fo-wili iliyofungwa hujivunja lenyewe.

Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na haya yote. Atakayekuambia, "Mzee, wewe una wasiwasi mno," muage kwa heshima, uende zako.

HESABU NA KARATASI

Sasa turudi mezani pale tulipoanzia. Kanuni yangu ni hii: usitumie zaidi ya theluthi mbili za fedha zako kununulia gari. Tuseme umepata shilingi milioni 18. Tafuta gari la milioni 12. Milioni 4 ziweke kwa matengenezo ya miezi sita ya kwanza: oili zote, mikanda, mabomba ya maji, breki, betri, na tairi. Milioni 2 zilizobaki ni za kadi, bima na safari yenyewe. Mtu anayetoa zote 18 kwa gari "lililo kamili" hugundua mwezi wa pili kwamba hakuna gari lililotumika lililo kamili.

Hesabu mafuta pia. Kwa kukadiria, Mkonga huenda kilometa 8 kwa lita moja ya dizeli, na Escudo kilometa 10 kwa lita ya petroli katika njia mbaya. Safari ya kilometa 1,000 basi itakula lita 125 kwa moja na lita 100 kwa nyingine. Kumbuka kwamba ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, na bei ya mafuta ikaongezwa shilingi 40 kwa lita. Tangu hapo, gari linalokunywa sana ndilo linalolipa zaidi.

Wako wanaoona heri kuagiza gari kutoka Japani. Si vibaya, lakini hesabu kodi kabla ya kutuma fedha. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, na nyongeza kwa gari la abiria lililozidi umri wa miaka 8, ambayo huwa kubwa zaidi umri ukipita miaka 10. Mamlaka ya Mapato ina kikokotoo katika tovuti yake ambacho mtu yeyote huweza kukitumia. Magari mengi niliyoyasifu hapo juu yamevuka umri huo siku nyingi, na kwa sababu hiyo kwa mfanyakazi wa kawaida lile lililokwisha kulipiwa ushuru na kusajiliwa nchini ndilo huwa nafuu.

Kwa gari la hapa nchini, linganisha namba ya injini na ya chesesi na zile zilizo katika kadi, kwa macho yako mwenyewe. Uliza kama gari linadaiwa faini za barabarani, kwani deni la dereva aliyetangulia hubaki katika namba ya gari. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na kadi ibadilishwe jina mara moja, wala si "tukipata nafasi". Na nyumbani, mwenzi wako ajue mkopo ni wa kiasi gani na utakwisha lini. Gari la familia lisinunuliwe kwa siri.

SIKU YA SAFARI

Ukisha kulipata, lisafirishe kwa akili. Beba jembe, panga, mbao mbili pana za kuwekea jeki, kamba nene au mnyororo, pampu, tairi mbili za akiba ukiweza, mkanda wa feni, mabomba ya maji, na lita 20 za maji safi ambazo watoto hawataruhusiwa kuzimaliza. Chuja mafuta yanayouzwa katika chupa na mapipa vijijini. Mwambie mtu uliyemwacha nyumbani unapopita na saa unayotarajia kufika.

Chagua majira. Njia za magharibi ya Serengeti ni za udongo mweusi uleule tunaoujua. Kati ya Juni na Oktoba, mwenye Escudo hupita lango la Ndabaka bila shida, na mwezi Aprili hata mwenye Mkonga hufikiri mara mbili. Kwa Rubondo, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, gari utaliacha nchi kavu na kuvuka kwa boti. Kwa hiyo fedha usizozitia katika gari kubwa zitakulipia watoto nauli na kiingilio. Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, bado ina njia za upweke. Usiende gari moja peke yako.

Ukikuta maji yanapita juu ya njia, simama. Shuka, uulize wenyeji. Mara nyingi mbuga iliyokataa saa nne asubuhi hukubali kesho yake jua likisha kuwaka. Na ukikwama, usiwe na kiburi mbele ya maksai. Mlipe mwenye mifugo kwa haki, tena kwa shukrani.

Shemeji yangu aliliuza gari lile kwa nusu ya bei aliyolinunulia, naye alimwambia mnunuzi wazi kwamba propela ya mbele haipo. Baada ya miaka miwili ya kuweka akiba alinunua Hilux kuukuu, ya rangi iliyofifia, yenye kiti kilichoshonwa kwa uzi wa gunia. Alilala chini yake dakika arobaini, mpaka mwenye gari akamletea chai. Gari hilo lilitupeleka kijijini katika arobaini ya mama mkubwa, Machi, masika, na lilitufikisha mapema kiasi kwamba tulisaidia kukata kuni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, Jumamosi ijayo ukienda kutazama gari, mwache mwenzi wako akague viti na rangi. Wewe beba mkeka.